Waridi la jangwa halijaikataa Lubumbashi

Lubumbashi, tarehe 9 Julai

Bwana Mhariri,

Katika ukurasa wa wasomaji wa toleo lenu la wiki iliyopita nilisoma barua fupi ya mama mmoja wa komini ya Kampemba, ambaye alilalamika kwamba amenunua waridi la jangwa mara tatu, na mara zote tatu limemwozea kabla ya kumpa ua hata moja, mpaka amefikia kusema kwamba mmea huo umeikataa Lubumbashi. Chini ya barua yake gazeti lilitoa majibu ya mistari michache, likimshauri aumwagilie maji kila jioni katika kiangazi hiki na autie samadi mbichi kwa wingi. Naandika kwa heshima, lakini naandika haraka, kwa sababu tuko mwezi wa Julai, usiku ni baridi, na kila msomaji atakayefuata shauri hilo wiki hii atakuwa na chungu cha tope na shina lililooza kabla mwezi haujaisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkaaji wa Katuba, na kwa miaka kumi na miwili sasa nalea mawaridi ya jangwa katika lupango langu, yaani kiwanja cha nyumba yangu. La kwanza nililinunua kando ya barabara kwa kijana aliyekuwa akisukuma miche kwenye toroli. Lilikuwa na matawi matatu marefu na maua mawili mekundu, nami nililipenda kiasi cha kulinywesha kama mtoto mchanga. Mwezi wa Juni majani yakageuka manjano na kupukutika moja moja. Nikadhani lina kiu, nikaongeza maji. Mwezi wa Julai nilibonyeza kitako chake, yaani sehemu nene ya chini ya shina, kwa kidole gumba, na kidole kikazama kama katika parachichi lililopitiliza kuiva. Maji ya rangi ya kahawia yakanitiririka mkononi, na harufu yake sijaisahau. Kwa hiyo ninapomjibu yule mama wa Kampemba ninamjibu kama mtu aliyepita njia hiyohiyo, na ninataka ajue kwamba mmea wake haukuwa na chuki na mji wetu.

Ili kuelewa kwa nini uliharibika, lazima tujue ulikotoka. Aliyeuandika kwanza katika vitabu vya elimu ya mimea ni Pehr Forsskål, mtafiti kutoka Sweden aliyesafiri mpaka Yemeni na kufariki huko mwaka 1763. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1775, yeye akiwa amekwisha kuzikwa. Jina la kitaalamu, Adenium obesum, linakumbusha mji wa Aden, na neno la pili lina maana ya mnene, kwa ajili ya lile shina lililovimba chini ambalo sisi wapenzi wake tunaliita kitako. Lakini si mmea wa Uarabuni peke yake. Unaota wenyewe tangu Senegali, kupitia ukanda wote wa Saheli, mpaka Sudani, Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania. Ni Mwafrika, ingawa si mzaliwa wa Katanga, eneo letu hili. Huko kwao mvua hunyesha kwa muda mfupi, kisha jua linatawala kwa miezi mingi, na mmea unaishi kwa akiba ya maji iliyofichwa katika kitako. Kiu, basi, ni jambo ulilolizoea tangu zamani. Jambo usilolijua kabisa ni baridi inayokuja pamoja na maji.

Hapo ndipo kiangazi chetu kinapowadanganya watu. Msomaji anaona kwamba hakuna wingu, vumbi limejaa barabarani, majani ya miembe yamekuwa mekundu kwa udongo, naye anafikiri kwamba kila kilicho hai kinalilia maji. Lakini Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kusini mwa Ikweta, na kiangazi chetu kinaanza na baridi. Mwezi wa Juni na Julai usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na kwa mmea huu hiyo ni alama ya kulala. Unaangusha majani, unafunga kazi, na mizizi inaacha kunywa. Maji unayoyamwaga hayana wa kuyapokea. Yanabaki yamesimama katika udongo baridi, na kuvu zinazoozesha mizizi zinapata nafasi yao. Kupukutika kwa majani mwezi wa Juni si ugonjwa wala si ombi la maji. Ni usingizi, nao unapaswa kuheshimiwa.

Mimi huanza kupunguza maji katikati ya Mei. Mwezi wa Juni na Julai mmea mkubwa haupati kwangu zaidi ya kikombe kimoja cha maji kwa wiki tatu au nne, tena mchana, jua likiwa kali. Miche ya mwaka mmoja, ambayo haina akiba kubwa, hupata kidogo zaidi. Vyungu navisogeza kwenye ukuta unaotazama kaskazini, kwa sababu katika miezi hii jua letu linapita upande wa kaskazini na ukuta huo unakaa na joto mpaka jioni. Naviweka juu ya vipande vya mbao, kamwe si juu ya simenti tupu, ambayo usiku inakuwa baridi kama chuma. Anayeogopa kwamba kiu imezidi na apime kwa mkono. Kitako chenye kiu kinalegea kwa usawa pande zote, ngozi yake inakunjamana kidogo nayo ni kavu. Kikipewa maji majira ya joto kinajaa tena baada ya siku chache. Kitako kinachooza kinalegea upande mmoja, ngozi ya upande huo inakuwa nyeusi na yenye unyevunyevu, na ukikinusa unajua. Hicho kitolewe chunguni siku hiyohiyo, kikatwe kwa kisu safi mpaka nyama yake ionekane nyeupe pasipo hata doa, kisha kikae kivulini pakavu wiki moja au mbili bila udongo. Nimeokoa mitatu kwa njia hiyo, mmoja wao ukiwa umebaki nusu tu, na leo kovu lake ndilo linaloupa sura ambayo wageni huisimamia na kuitazama.

Sasa niseme juu ya maua, ambayo ndiyo kilio cha watu wengi. Hata mawaridi ambayo hayaozi mara nyingi yanabaki kama fimbo: matawi mawili au matatu yaliyorefuka kutafuta mwanga, yenye shungi la majani kwenye ncha, na ua moja au mawili kwa mwaka. Sababu ya kwanza ni kivuli. Mmea huu unataka jua lisilozuiliwa kwa saa sita au zaidi kwa siku, na anayeuweka sebuleni ili uonekane na wageni amejinyima maua yeye mwenyewe. Sababu ya pili ni kwamba hatuna moyo wa kuukata.

Waridi la jangwa huchanua kwenye ncha za matawi machanga. Tawi moja refu lina ncha moja, hivyo lina mahali pamoja pa kuchanulia. Ukilikata, macho yaliyolala chini ya jeraha yanaamka, na mahali palipokuwa na ncha moja panatokea ncha mbili, tatu, wakati mwingine nne. Nilifundisha hesabu kwa muda mrefu, kwa hiyo wasomaji watanisamehe nikihesabu: matawi matatu yakikatwa na kila moja likatoa machipukizi matatu, una ncha tisa, zikikatwa tena mwaka unaofuata, hata kama baadhi zitakataa, utapita ishirini. Mmea wangu ulio karibu na mlango, ambao ulianza na matawi mawili, mwaka jana mwezi wa Novemba ulikuwa na matumba ambayo mjukuu wangu alihesabu mpaka sitini na nne kisha akachoka.

Nakumbuka siku nilipoukata mara ya kwanza. Jirani yangu aliyekuwa akipita kwenye ua alisimama na kushika kichwa.

"Mama Mwalimu, mbona unauua mti wako? Si juzi tu umeota majani?"

Nikamwambia, "Dada, subiri jakaranda zianze kumwaga maua, ndipo uje unihukumu."

Alikuja. Siku ile ya kukata hakukuwa na kitu ila visiki viwili vyeupe vinavyotoa maziwa, nami mwenyewe, nakiri, usiku ule sikulala vizuri. Siku ya kumi na moja asubuhi niliona chini ya kila jeraha vidoa vya rangi ya waridi vidogo kuliko punje ya mchele. Baada ya wiki sita vilikuwa vitawi vyenye urefu wa kidole, na katikati ya majani yake kulikuwa na matumba yaliyofungwa kama ncha za mwavuli. Jirani alipoyaona aliniomba mche, na leo yeye ndiye anayekata bila kutetemeka.

Katika kukata, jambo kubwa kuliko yote ni majira, na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini. Maelezo tunayoyasoma kwenye simu zetu yameandikwa Thailand, India, Marekani, nchi zilizo kaskazini mwa Ikweta, nayo yanasema ukate mwezi wa Februari au Machi, yaani baridi yao inapoisha. Sisi tuko kusini. Mwezi wa Machi kwetu ni mwisho wa masika. Anayekata wakati huo anauamsha mmea uote machipukizi laini yenye maji mengi, na kabla hayajakomaa baridi ya Mei na Juni inayakuta. Yanasinyaa, yanakuwa meusi kwenye ncha, na uozo unashuka kupitia humo mpaka kwenye shina. Nimeona bustani nzuri ya jamaa yangu ikiangamia hivyo kwa sababu alifuata kalenda ya watu wengine neno kwa neno. Wakati wetu ni wiki ya mwisho ya Agosti mpaka katikati ya Septemba, usiku unapoanza kuwa na joto na macho ya mmea yanapoanza kuvimba yenyewe. Jakaranda za mjini zinapochanua, makasi yawe yamekwisha kazi yake. Baada ya hapo tunapata wiki kadhaa za jua kali na hewa kavu, ambazo ndizo zinazofanana zaidi na nyumbani kwa waridi hili, na maua yanakuja Oktoba na Novemba, karibu miezi miwili au mitatu tangu kukatwa. Kusema kweli, sijui majira mengine yanayolifaa kuliko Septemba na Oktoba za Lubumbashi, na ndiyo maana neno la kwamba limeikataa Lubumbashi liliniuma.

Kisu kiwe kikali kama wembe na kisafi. Mimi napangusa kwa alikoli kabla ya mmea mmoja na baada yake, ili nisihamishe ugonjwa. Kata kwa mshazari kidogo ili maji yasisimame juu ya jeraha, sentimita moja hivi juu ya alama ya jani la zamani inayotazama nje, kwa kuwa chipukizi litaelekea kule alama inakotazama, na kwa namna hiyo unaongoza mti ufunguke kama bakuli badala ya kujisokota ndani. Acha kipande cha tawi chenye urefu wa kiganja kutoka kwenye kitako, na usiogope ikiwa tawi moja ni nene na lingine jembamba: lile nene likatwe fupi zaidi ili jembamba lipate nafasi ya kulifikia. Pangusa utomvu kwa kitambaa kikavu, paka majivu ya mkaa yaliyochekechwa vizuri, na usimwage maji kwa siku nne au tano mpaka jeraha likauke. Machipukizi yakifika urefu wa ukucha, yale yanayotazama katikati yang'oe kwa kidole yangali machanga. Mmea dhaifu, au uliohamishwa chungu mwezi huohuo, usikatwe. Kwanza upate nguvu.

Wenye mimea iliyobebeshwa, yaani tawi la mmea mmoja limeungwa juu ya shina la mwingine, kama ile ya maua yenye petali nyingi ambayo asili yake mara nyingi ni mashamba ya Thailand na Taiwan, waangalie lile kovu la kuungia. Wakate juu yake, kamwe si chini, na kila chipukizi linalotokea chini ya kovu liondolewe mara moja. Nimekutana na watu wanaolalamika kwamba walinunua ua jeusi nalo likageuka la waridi. Halikugeuka; shina la chini lilipewa ruhusa ya kuota, nalo lina nguvu kuliko tawi lililobebeshwa juu yake.

Kitako chenyewe pia kinaweza kufinyangwa, ila kazi hiyo inataka subira ya miaka. Mche uliotokana na mbegu unanenepa chini tangu miezi ya kwanza, lakini uliotokana na kipande cha tawi mara nyingi unabaki mwembamba kwa muda mrefu, na mnunuzi mwenye busara anauliza ni upi kabla ya kutoa pesa. Mbegu si vigumu kuzipata kama una mimea miwili inayochanua kwa pamoja na brashi ndogo ya kuhamishia chavua. Maganda yanatoka mawilimawili kama pembe za mbuzi, na yakianza kukomaa nayafunga uzi, kwa sababu siku yanapopasuka mbegu zina manyoya kwenye ncha zote mbili na upepo unazibeba. Zikiwa mbichi zinaota ndani ya wiki moja. Mche ukifika mwaka, natoa udongo wote, nakata mzizi mkuu unaoshuka chini, nauacha ukauke wiki nzima, kisha naupanda ukiwa umeinuliwa sentimita mbili au tatu juu ya pale ulipokuwa. Mizizi ya pembeni, ikikosa yule mkubwa wa kushuka, inanenepa na kutambaa. Kila baada ya miaka miwili nauinua tena kidogo, na hivyo polepole mizizi iliyokuwa gizani inakuja juani na kuwa miguu. Ngozi iliyotoka ardhini ni laini na inaungua, basi wiki mbili za kwanza naifunika kwa kitambaa chepesi saa za mchana.

Kuhusu udongo naomba tuache mazoea yetu. Watu wa Lubumbashi tunajua thamani ya udongo wa kichuguu: umejenga nyumba zetu, maana tofali zuri halipatikani bila huo. Lakini sababu inayoufanya uwe mzuri kwa tofali, yaani kushikana na kukaa na maji, ndiyo inayoufanya uwe kaburi la waridi la jangwa. Chukua tofali lililokwisha kuchomwa, livunje kwa nyundo vipande vya ukubwa wa punje za mahindi, upepete vumbi lote. Changanya ndoo mbili za vipande hivyo na ndoo moja ya mchanga mnene wa ujenzi uliooshwa, ndoo moja ya mkaa uliopondwa, na ndoo moja ya mboji iliyooza kabisa. Ukimwaga maji juu, yatokee chini kabla hujahesabu kumi. Usichukue udongo karibu na mitambo ya kuyeyushia shaba wala karibu na malundo ya mabaki yake. Tuna ua letu dogo la Katanga, Haumaniastrum katangense, ambalo linaota penye shaba mpaka watafiti wa madini walilifuata kama kiongozi wa njia, lakini mimea mingi haina uwezo huo, na shaba ikizidi inaua mizizi kimyakimya. Chungu kiwe kipana na kifupi, chenye matundu makubwa chini. Kopo la maziwa lisilo na tundu, ambalo ndilo wauzaji wengi wanalotumia, ni mtego.

Mbolea ni jambo la maneno machache. Magunia mawili ambayo wakulima wa mahindi wanayatumia hapa kwetu yana kazi tofauti: urea ni nitrojeni tupu, nayo inaleta majani na matawi marefu yanayolegea, ile ya kupandia ina fosforasi na potasiamu, ambazo ndizo zinazosaidia maua na mizizi. Kijiko kidogo cha chai cha hiyo ya pili, kilichoyeyushwa katika lita tano za maji, mara moja kwa mwezi kuanzia Septemba mpaka Machi, kinatosha, na kimwagwe juu ya udongo ambao tayari una unyevu. Samadi mbichi iliyopendekezwa na gazeti inaunguza mizizi wakati wowote, na katika Julai inaongeza uozo.

Mvua zikianza, hatari inarudi kwa mlango mwingine. Siku za Oktoba zenye joto mmea unakunywa vizuri, nami naumwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha nasubiri udongo ukauke kidole kizima ndani. Lakini kuanzia Novemba mpaka Machi mvua zetu zinanyesha siku mfululizo, na chungu kilichoachwa wazi hakipati nafasi ya kukauka. Basi navisogeza vyote chini ya ukingo wa paa, mahali ambapo jua linafika na mvua haifiki. Katika joto kavu la Septemba tazama chini ya majani: vidoa vya manjano na utando mwembamba ni utitiri mwekundu, unaooshwa kwa maji ya nguvu na sabuni kidogo jioni. Na mwanzoni mwa masika anakuja kiwavi mnene wa kijani mwenye madoa mawili ya buluu yanayofanana na macho, mtoto wa nondo anayependa pia oleanda. Anaweza kula majani yote ya mmea kwa siku mbili, lakini anaonekana kwa macho na anatolewa kwa mkono.

Kuna jambo moja ambalo gazeti halikulitaja kabisa, nalo lina uzito kuliko maua yote. Maziwa ya mmea huu ni sumu. Katika nchi nyingi za Afrika wawindaji wameyapika na kuyapaka kwenye mishale, kwa sababu yanashika moyo wa mnyama. Mwaka wa pili wa kulea kwangu nilikata matawi kisha nikajipangusa jasho bila kufikiri, na jicho langu liliwaka usiku kucha ingawa nililiosha kwa maji mengi. Tangu siku hiyo navaa glavu, kisu cha kazi hiyo hakiingii jikoni, na matawi yaliyokatwa nayafukia shimoni, siyatupi penye mbuzi. Mwenye watoto wadogo wanaotia kila kitu mdomoni aweke chungu juu ambapo mkono wao haufiki, na mtoto akitafuna sehemu yoyote ya mmea apelekwe hospitali bila kusubiri dalili. Wauzaji wanapaswa kumwambia kila mnunuzi maneno hayo mawili matatu. Sijasikia hata mmoja akiyasema, na gazeti likiwaomba, huenda wataanza.

Naomba basi, Bwana Mhariri, mchapishe masahihisho katika toleo lijalo, kwa herufi zinazoonekana, kwamba waridi la jangwa lisimwagiliwe kila jioni mwezi wa Julai. Na kama kuna nafasi, mkumbushe tena katika wiki ya tatu ya Agosti kwamba wakati wa kukata umekaribia, kwa maana barua hii wengi watakuwa wameisahau. Yule mama wa Kampemba nina mche wake hapa, wa mbegu, wenye miaka miwili, kitako chake kina ukubwa wa ngumi. Kwa sasa hauna hata jani moja, umekaa kwenye ukuta wa kaskazini pamoja na wenzake, nao haujapata maji tangu tarehe 20 Juni. Anaweza kuuchukua kupitia ofisi yenu, lakini aje mwishoni mwa Agosti, ili tuukate pamoja kabla hajaondoka nao.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu, Katuba, Lubumbashi